Bushi Hukazwa Gari Likiwa Chini

Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya msaada. Migomba ilikauka, tukala ugali wa njano mpaka Krismasi. Ndipo nilipoingia karakana moja ya serikali, Moshi mjini, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Shule nilikomea darasa la nne. Siku ya kwanza Fundi Mkuu alitazama gauni langu, akauliza nimemletea nani chai. Nikamwambia nimeleta mikono.

Yeye ndiye aliyenifundisha bushi, ule mpira wenye moyo wa chuma unaoshika mkono wa tairi. Ukibadilisha ya kulia, badilisha na ya kushoto. Zuia tairi kwa mawe, jeki iweke juu ya ubao, na usiingie chini kwa kuamini jeki peke yake. Egemeza gari kwenye stendi za chuma. Bolti zirudishe kwa vidole tu. Shusha gari, litikise likae, ndipo ukaze kwa spana. Ukikaza tairi zikining'inia, mpira unabaki umejipinda maisha yake yote. Unachanika.

Nilipohamishiwa karakana ya mji wa Mkuu, wilayani Rombo, nilikuwa fundi kamili. Asubuhi moja Meneja wa karakana alitaka gari la wagonjwa nililokuwa nalitia bushi mpya litoke upesi, na shimo letu la kuingilia chini ya magari ili kukaza yakiwa yameshushwa lilikuwa limejaa maji ya mvua.

“Kaza hapo hapo juu, dada.”

“Gari likiwa juu, mimi sikazi.”

Spana akapewa fundi mwingine, akakaza. Mimi nikapewa barua ya kwenda Chekereni, kwenye matrekta ya mpunga na matope yake. Cheo cha fundi mkuu nilichoahidiwa kikafia hapo. Mahindi hayajafika magotini, bushi zile zikachanika, gari likalala njiani na mama mwenye uchungu ndani. Alijifungulia kando ya barabara, kwenye khanga za wapita njia. Mungu aliwasimamia. Meneja hakuniandikia hata neno.

Sasa nimestaafu, nina wajukuu saba. Hapa kwangu Kibosho nimechimba shimo langu mwenyewe kati ya migomba, na watu huniletea magari. Juzi alikuja yule Meneja, sasa mzee wa kutembelea fimbo. Nilimwamkia shikamoo, maana umri ni umri. Bushi mpya nikamtilia pande zote mbili, gari likiwa bado juu ya stendi. Akatazama saa, alikuwa anawahi mazishi Rombo.

“Mama, kaza tu hivyo hivyo. Nitakwenda polepole.”

Nilifuta mikono, nikamsogezea kigoda.

“Gari likiwa juu, mimi sikazi.”