Siku Tuliyomfunga Mbwa

Krezili ni dawa nyeusi kama lami ikiwa ndani ya chupa, lakini ukiitia majini inageuka nyeupe kama maziwa. Juzi mfagiaji wa chuo alikuwa akiimwaga kwenye ngazi za maktaba. Nilikuwa napanda na vitabu mkononi, harufu ile ikanifikia, nikasimama. Wenzangu walinipita wakishika pua. Kwao ilikuwa harufu ya choo. Kwangu ilikuwa harufu ya shingo ya mbwa, asubuhi ya Butembo, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mikaratusi, na mimi mtoto wa miaka kumi nimeficha uso katika manyoya yaliyolowa.

Niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa kutia shaka. Hata kumbukumbu zangu naziuliza maswali. Baba yangu, ambaye ni mwalimu, alisema nilizaliwa na kidole kimeinuliwa. Lakini harufu haijui kutunga hadithi, kwa hiyo hii naiamini.

Kwetu ni Mangina, magharibi ya Beni, mahali pa kakao na matope. Mwaka ule watu walikuwa wanauawa mashambani, na kila jioni mtu fulani alikuwa hajarudi. Mama alikuwa Kamango kwa biashara yake ya mpakani, na barabara ilikuwa imefungwa katikati yetu. Baba hakutaka kuacha shule. Alinipakia kwenye pikipiki, akanipeleka Butembo kwa dada yake, Shangazi Masika, akanywa chai amesimama, akarudi. Nilibaki mlangoni na begi langu. Nakumbuka baridi. Mangina hatukuwa na baridi ya namna ile, ya kuingia ndani ya sweta na kukaa humo.

Shangazi hakuwa na mume wala mtoto. Aliuza makayabu sokoni, wale samaki wa chumvi wanaokuja wamefungwa kwa kamba za nailoni, na nyumba yake yote, mito, mapazia, hata picha ya Bikira Maria ukutani, ilinuka makayabu. Alitoka kabla ya jua. Alirudi giza likiingia. Mimi nilitoka shuleni saa sita na nusu, nikafungua kufuli, nikala bugali baridi kutoka kwenye sufuria iliyofunikwa kwa sahani, kisha nikakaa. Nasema nikakaa kwa sababu sina neno lingine. Nilisikia chukudu, zile baiskeli za mti zisizo na pedali, zikishuka kilima na mbao, magurudumu yake ya mti yakilia, na sauti za watoto waliojuana tangu zamani. Shuleni waliniita mutoto ya pori. Kinande changu kilikuwa kile kile chao, isipokuwa nilikisema polepole zaidi, na hiyo ilitosha.

Siku moja Shangazi alirudi akatangaza kwamba wezi wanazidi mtaani na kwamba tunahitaji mbwa.

Nyuma ya mahali wanapopasua mbao palikuwa na ua wa mabati, na ndani yake mbwa. Wengi walikuwa wameachwa na watu waliokimbia vijiji vya upande wa Beni, wakaletwa na madereva wa malori wenye huruma. Aliyewasimamia ni Madame Kapinga, mganga wa mifugo wa serikali, mwenyeji wa Kasai, mwanamke mrefu mwenye mabuti ya mpira. Vijana wachache walimsaidia bila malipo. Mtaani watu walisema anawanenepesha mbwa ili awale. Yeye alijua wanachosema, akakifanya kuwa swali lake la kwanza.

“Mama, kwenu mutu anakulaka mbwa?”

Shangazi alimtazama. “Madame, kama tunakulaka, nitakuambia?”

Madame Kapinga alicheka mpaka akashika mlango. Nami, hata katika umri ule, nilijiuliza faida ya swali ambalo hata mwongo analijibu vizuri.

Maswali yaliyofuata hayakuwa na kicheko. Mbwa atalala wapi. Mtamlisha nini. Nyumba ni yenu au mnapanga.

“Na muchana, nani anabakiaka kwa nyumba?”

“Mimi mwenyewe,” Shangazi akasema.

Niliangalia viatu vyangu.

“Na huyu mutoto?”

“Ni mutoto yangu.”

Madame akatuambia masharti. Mbwa hatolewi kwa mtu mwingine. Mkishindwa naye, mnamrudisha hapa. Analetwa kuchanjwa kichaa. Majuma ya kwanza ni ya kujaribu tu, na katika majuma hayo yeye mwenyewe atakuja kuangalia, bila kupiga simu. “Na kufunga, hapana. Hata siku moja. Nikikuta kamba, ninarudi naye.”

Tulimpata jike wa rangi ya majani makavu ya mgomba, sikio moja limekatika. Vijana wa pale walikuwa wamempa jina la Patience. Shangazi alikataa katakata. Alikuwa na shemeji aitwaye Patience, amebatizwa, anaimba kwaya. “Mbwa hapana kubeba jina ya batizo,” alisema njiani, na kuanzia hapo alimwita embwa, yaani mbwa kwa Kinande, bila zaidi. Mimi nilimwita Patience kwa sauti ya chini Shangazi akiwa sokoni. Mbwa aliitika kote kuwili.

Nyumba ilibadilika. Nilipofungua kufuli kulikuwa na mtu anayeninusa viganja kujua nilikokuwa. Tuligawana bugali. Nilimwosha kwa krezili kama tulivyoelekezwa, akajikung'uta, mimi nikalowa. Mchana nikamweleza mambo. Nilimwambia juu ya jirani yetu wa Mangina aliyekwenda kuvuna kakao na ambaye baba alikataa kunieleza habari zake. Nilimwambia kwamba nilimkasirikia Mama kwa kuwa ng'ambo ya barabara iliyofungwa. Watu wa Butembo walikuwa na msemo wa kufunga kila jambo, “Mungu anajua.” Mbwa hakuwa na msemo. Aliweka kidevu juu ya mguu wangu, akasikiliza.

Madame Kapinga alikuja Jumapili baada ya misa. Bila kupiga simu, kama alivyosema. Lakini Butembo hakuna mtu anayefika bila habari kutangulia. Alikuwa bado kwenye kivuko cha chini, na tayari jirani yetu alikuwa ameita juu ya ua: “Mama Masika, ule mukubwa wa mbwa anapanda kwako na mabuti yake.”

Shangazi akawa upepo. Akafagia uwanja. Akatoa kiti chenye kitambaa cha kufumwa, kile ambacho hata padri alikikalia mara moja tu. Akaweka maji ya chai, akachagua kipande kizuri cha makayabu. Kisha akamwangalia mbwa aliyekuwa akizunguka miguuni, mwenye furaha ya kuona watu wanakimbia.

Hapa lazima mnielewe, ninyi mnaosoma mkiwa mahali pengine. Kwetu mbwa hamnusi mgeni. Hamkaribii mgeni akiwa anakula. Nyumba inayomwacha mbwa aweke pua kwenye sahani ya mgeni ni nyumba isiyolelewa. Shangazi alikuwa akimpokea mtu wa serikali, mtu wa mbali, mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito, na akafanya lile ambalo mama yake angelifanya. Alichukua kamba ya nailoni ya makayabu, akamfunga mbwa nyuma ya nyumba kwenye mti wa parachichi. Sharti alilikumbuka, nina hakika. Ila nadhani kichwani mwake sharti lilikuwa la siku za kawaida, na ile haikuwa siku ya kawaida. Ilikuwa siku ya mgeni.

Mbwa hakuwa amewahi kufungwa kwetu. Alianza kulia kwa sauti nyembamba, ya juu.

Madame Kapinga alikuwa amekaa, kikombe mkononi. Akainua kichwa.

“Iko wapi?”

“Iko nyuma, Madame. Haitakusumbua. Kunywa chai.”

Akaweka kikombe chini, akazunguka nyumba. Sisi tukamfuata. Mbwa alikuwa amejizungusha kwenye mti mpaka kamba ikawa fupi, na nailoni ilikuwa imezama katika manyoya ya shingo.

“Ni leo tu,” Shangazi akasema. “Ni juu ya heshima yako. Mugeni anakuja, unafunga mbwa. Kwenu hamufanyake vile?”

“Mama, bote banasemaka ni leo tu.”

“Lakini ni leo tu.”

Madame akainama, akanitazama usoni. “Na weye, mutoto. Anafungwaka kila siku?”

“Hapana,” nilisema. Ilikuwa kweli, na nikaona haikuingia. Mtoto husema la nyumbani kwake. Yeye alikuwa amesikia watoto wengi. Basi nikatafuta kitu kizito zaidi cha kumpa. “Kwetu Mangina pia hatufungake mbwa. Na mimi niko naye muchana yote, sisi babili tu. Ningemuona.”

Madame akainuka.

“Mangina? Baba yako iko Mangina?”

“Ni mwalimu.”

“Lakini mimi naendaka kule kuchanja mbwa kila mara. Mwalimu gani? Na unasema muchana unabakiaka peke yako, na mbwa? Mama huyu aliniambia...”

Hakumaliza. Shangazi alikuwa tayari amepiga magoti matopeni, na kitenge chake cha misa, akifungua fundo. Mikono iliyofungua mafurushi ya samaki maisha yake yote haikushindwa na fundo lile. Akaweka mwisho wa kamba mkononi mwa Madame Kapinga.

“Umukamate,” akasema. “Sharti ni sharti. Tumeshindwa. Asante sana, Madame, na njia njema.”

Hakubishana. Mwanamke huyu aliyekuwa akibishana na madereva, wapima mizani na mapadri, hakusema hata neno moja la kumtetea mbwa wangu. Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, haraka, akizungumza juu ya mvua. Mbwa aligeuka nyuma mara kwa mara, kisha njia ikapinda.

Alipelekwa kwa familia moja ya Beni yenye ua wa matofali. Sikumwona tena.

Nilikaa na hasira ile miaka mingi, nikaivalisha nguo za kisomi. Chuoni nilisoma kwamba masharti kama yale hutungwa kwa ajili ya nyumba zenye uzio, na watu wenye uzio, nikafurahi kupata sababu. Likizo moja nilimtafuta Madame Kapinga. Alikuwa amestaafu, bado Butembo, bado na mbwa. Nilimuuliza kwa nini hakuangalia kiti, chai, kitambaa, aelewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Vijiji bilikimbiwa, sisi tuliingia nyuma,” akasema. “Mbwa wenye hawakufungwa, walijitafutia. Wenye walifungwa, tuliwakuta kwenye kamba.” Alinionyesha kwa mkono jinsi walivyokuwa wamelala. “Tangu pale, mimi kamba siulizi ni ya siku ngapi.”

Nikamshukuru, nikaaga.

Swali la Shangazi lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa nilikuwa sijajua kama kuna swali. Mwaka jana tulikuwa tunachambua maharage uwanjani, nikamuuliza kwa mzaha wale wezi wa zamani waliiba nini.

“Wezi gani?”

“Wale wa kutufanya tuchukue mbwa.”

“Weye,” akasema bila kuinua macho, “nani anaiba makayabu? Inanuka mpaka Lubero. Ulikuwa unaongea na sufuria. Nilikusikia siku moja nilisahau mizani, nikarudi. Unaambia sufuria mambo ya shule.”

Kisha akaniambia mengine, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mawe kwenye maharage. Baba alinileta kwa sharti. Wakati nilipokuwa nje na begi langu, yeye akinywa chai amesimama, alimwambia dada yake kwamba mtoto asibaki peke yake hata mchana mmoja. Akisikia habari hiyo, atakuja kunirudisha, afadhali tufe pamoja. Aliuliza nani yuko nyumbani mchana. Shangazi akajibu, “Mimi mwenyewe.” Angejibu nini? Bila soko hatungekula, na bila jibu lile ningerudi kwenye pikipiki.

Basi siku ile chini ya parachichi, alipomsikia Madame akiuliza mwalimu gani, hakuwa anamfikiria mbwa. Alikuwa anaona pikipiki ikipanda kilima.

Na mimi ningefurahi. Hilo ndilo linalonikalia vibaya. Kama mtu angeniambia siku ile kwamba nikisema neno moja zaidi nitarudi Mangina, ningelisema kwa sauti.

“Mbwa angepata nyumba ingine,” Shangazi akasema. “Alipata. Weye ningekutafutia wapi?”

Baada ya mbwa kuondoka, Shangazi alianza kurudi nyumbani mchana. Wakati huo nilidhani amekuja kuangalia kama nimechafua sufuria. Alipanda kilima saa ile ambayo wanunuzi wanakuwa wengi sokoni, akaacha meza yake kwa jirani aliyempunja, akafika akihema, jasho na chumvi vikiwa vimekauka pamoja mikononi. Aliketi mbele yangu. Aliuliza, “Masomo?” Nikajibu kwa Kifaransa cha shule, “Bien,” yaani vizuri. Aliuliza kama nina baridi. Nikasema hapana. Sikumpa neno zaidi, kwa kuwa maneno yangu yote nilikuwa nimemwekea mwingine. Tulikula bugali kimya, watu wawili ambao hawakuwa na mtu mwingine mjini, kisha akafunga kitambaa chake kichwani akashuka tena. Nami nilisimama mlangoni kuhakikisha ameenda, nikafurahi kubaki peke yangu.