Picha ya Nne ya Ruti Nzowa

Ruti Nzowa, mpiga picha wa Mlowo, alikuwa na kanuni moja kuhusu nyumba inayouzwa. Nyumba ilipigwa picha nne: mbele, ubavuni, ndani na nyuma, na zote ziligundishwa kwenye kadi moja ya manila. Mteja aliyetaka upande wa mbele tu aliambiwa atafute mpiga picha mwingine.

Wengi walimwona mkaidi. Mimi nilikuwa jirani yake, benchi la kibanda chake nililikalia miaka mingi, na nasema alikuwa na haki. Picha ya harusi ikimpendezesha bibi harusi kuliko alivyo, hakuna anayeumia. Lakini anayenunua nyumba atalaza humo watoto wake. Ukimficha ufa wa ukuta umemwibia, hata kama mkono wako haukuingia mfukoni mwake.

Biashara hii ya kuuza nyumba kwa picha ililetwa kwetu na mpaka. Biashara huria ilipoanza, watu walimiminika Tunduma kutoka Tanga, Kigoma na kwingineko. Walishinda kwenye maghala na kwenye foleni ya malori, wengine ng'ambo Zambia, wala hawakuwa na nafasi ya kuja Mlowo kukagua nyumba moja moja. Dalali aliwafuata dukani na bahasha ya picha. Waliyoipenda ndiyo walikuja kuiona. Nyumba isiyo na picha ilibaki na kibao chake mlangoni mpaka maandishi yakafutika kwa mvua.

Dalali mkubwa wakati huo, mwaka 2003, alikuwa Ashraf wa Tunduma. Kijana msafi, mcheshi, mwepesi wa kuahidi. Alimwahidi Ruti chumba cha studio karibu kabisa na mpaka, chenye umeme na mlango unaotazama barabara kuu. Kwa Ruti hilo halikuwa jambo dogo. Kibanda chake kilikuwa cha mbao, hakina umeme, na filamu zake alizituma kwa mkono wa kondakta wa basi zikasafishwe Mbeya. Mvua ikinyesha alifunika kamera kwa kanga yake, yeye akalowa.

"Niuzie nyumba ya Mzee Damiano kwa picha zako," Ashraf alimwambia, "na funguo za chumba nakuletea mwenyewe. Nina mteja mzito, Mama Mwanakombo wa Tanga, muuza vitenge. Anataka nyumba ya familia Mlowo, mbali na vumbi la mpakani."

Mzee Damiano alikuwa amepima kahawa ya chama cha ushirika tangu ujana wake. Wanunuzi binafsi walipoingia, mizani ya chama ikapata kutu, na yeye na mkewe Marta wakaamua kurudi kijijini kwao Hasamba kulima. Nyumba yao ilikuwa nzuri: matofali ya kuchoma, bati lisilovuja, migomba uani. Na nyuma ya jiko palikuwa na kaburi la Lusungu, mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kabla hajaanza shule. Kwetu Mbozi hilo si ajabu. Tumezika nyumbani tangu zamani, na mtu haoni aibu kuanika mahindi karibu na aliyempenda.

Siku ya picha Mzee Damiano alivaa koti lake la Pasaka na kusimama mlangoni kama askari. Ruti alipohamia ubavuni, mzee naye akahamia ubavuni.

"Baba," Ruti alimwuliza, "na wewe unauzwa?"

"Muulize mama yako. Huenda ameniandikisha."

"Nani angemnunua huyu?" Marta alijibu kutoka jikoni. "Anakula sana."

Walicheka wote. Kisha wakafika nyuma ya jiko, na kicheko kikaisha. Marta alikuwa amefagia kaburi asubuhi na kulipaka chokaa upya.

Ashraf alimshika Ruti kiwiko. "Dada Ruti, huku hapana. Geuza kamera kwenye migomba."

"Migomba itatoka pamoja na kaburi. Viko mahali pamoja."

"Unauza nyumba au unatangaza msiba? Nani ananunua kaburi?"

"Ndiyo maana aambiwe mapema."

"Ataambiwa akishalipa malipo ya kwanza. Hapo moyo wake utakuwa umeshahamia."

Ruti akamgeukia Marta. "Mama, wewe unasemaje?"

Marta alijifuta mikono. "Mpige picha mwanangu. Sitaki mtu aje kumkuta kama mwizi aliyejificha."

Ruti akapiga.

Picha ziliporudi kutoka Mbeya, alizigundisha kwenye kadi kama kawaida yake na kumkabidhi Ashraf. Huyo alitia kadi kwenye bahasha, na Ruti akadhani mambo yamekwisha. Kumbe Ashraf alipofika Tunduma alichukua mkasi akaikata pembe moja, ile yenye picha ya kaburi.

Hapo ndipo alipojidanganya. Wenye maduka wa Tunduma walikuwa wameshazizoea kadi za Ruti. Zilipita mikononi mwao, wakazibishania wakinywa kahawa. Mama Mwanakombo alipoletewa kadi yenye picha tatu na pembe iliyokatwa, hakuuliza bei. Alikata vitenge maisha yake yote na alijua kitambaa kilichopunguzwa. Alimwambia Ashraf atafikiri. Siku iliyofuata akapanda gari mwenyewe mpaka Mlowo.

Nilikuwa kwenye benchi alipofika, mama mnene mwenye baibui na mwavuli.

"Hodi hapa. Wewe ndiye Ruti wa picha nne?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeletewa tatu. Ya nne imeliwa na panya?"

Akaiweka kadi mezani. Ruti aliishika, akapitisha kidole kwenye ule mkato. Alielewa mara moja ni nani aliyeukata, na akaelewa pia kwamba jibu lake lilikuwa limebeba kile chumba chenye umeme. Angeweza kusema picha iliharibika Mbeya. Filamu ziliharibika kila wiki, hakuna ambaye angemshangaa.

Alifungua kopo la maziwa ya unga alimohifadhi negativu, zile filamu zilizokwisha safishwa, akatafuta, akainua ukanda mmoja kwenye mwanga wa mlango. "Tazama hapa, mama. Hiki cheusi nyuma ya jiko ni kaburi. Ni jeupe, kwenye negativu ndiyo huonekana hivi. Amelala mtoto wao."

Mama Mwanakombo alitazama muda mrefu, jicho moja amelifumba.

"Wazazi wako hai?"

"Wako pale. Tunaweza kwenda kwa miguu."

Tulikwenda. Marta alimkaribisha kwa kiti, yeye akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko. Akasimama kaburini, akanyanyua viganja na kuomba dua yake kimya kimya. Kisha akamwuliza Marta jina la mtoto, na aliumwa nini. Marta akamweleza. Wakakaa kwenye ngazi ya jiko, wanawake wawili, na Mama Mwanakombo akasema naye alizika mmoja, Tanga, na nyumba ile iliuzwa na shemeji zake bila yeye kuulizwa. Hajui kama kaburi bado lipo.

"Nyumba nimeichukua," alisema mwishowe. "Lakini pale kwenye ua mtaacha mlango mdogo. Uje ufagie unapotaka, usinibishie hodi."

Mzee Damiano akavua kofia.

Nyumba ikauzwa, na Ashraf akalipwa udalali wake wote, kwani Mama Mwanakombo hakuwa mtu wa kudhulumu hata aliyetaka kumdanganya. Ashraf alisimamisha gari mbele ya kibanda mara moja tu.

"Umenivua nguo mbele ya mteja wangu, dada."

"Mkasi ulikuwa wako, Ashraf," alijibu Ruti, akaendelea kupanga picha za kipaimara.

Marta alikuja kila mwaka kabla ya Pasaka, akapita kwenye mlango mdogo na ndoo yake ya chokaa. Mama Mwanakombo alimpa chai, na wajukuu wake walijua jina la Lusungu kama la ndugu yao. Ruti alipita pale mara nyingi akiwa na kamera begani, na sikumwona hata siku moja akipita na uso wa mtu anayejuta. Alizeeka vizuri, akicheka na wateja, akilowa wakati wa mvua.

Chumba cha Tunduma alipewa mpiga picha mwingine mwezi uleule. Ashraf hakumpa Ruti kazi tena, na Ruti hakupata studio yenye umeme maisha yake yote.