Rangi ya Kwanza ya Mama wa Masoko

Juzi nilikuwa Tukuyu kwa mchoraji mmoja. Soko huria limemletea rangi za mafuta, na anachora sura za watu kama walivyochora Wazungu wa zamani.

Mara akaingia mama mmoja wa kijiji cha Masoko, kanga kiunoni, nyuma yake majirani zake na mikungu ya ndizi kichwani.

“Mwanangu, hawa wamekuja msibani kwangu. Mlango nimewafungulia mwenyewe!”

Picha ya mama huyo ilikuwa dirishani pa mchoraji inakauka. Uso wa kijivu, midomo haina damu. Majirani walipoiona walidhani amekufa, wakapitia sokoni kununua ndizi, wakaenda kwake kuomboleza.

“Shikamoo, mama,” mchoraji alisema. “Hiyo ni rangi ya kwanza tu. Ikikauka ndipo natia damu.”

“Itakauka lini na mvua hii?” Akavuta stuli, akakaa, akagonga shavu lake kwa kidole. “Tia sasa hivi. Siondoki hapa maiti.”

Akatiwa wekundu pichani. Majirani wakatua mikungu, wakasogea, wakakagua, wakaridhika, wakainama kubeba ndizi zao.

Wazungu wale, nasikia, walisubiri miezi rangi ikauke. Hawakuwa na majirani wa Masoko.

“Ndizi ziacheni,” mama akasema bila kugeuza shingo. “Kwani nani amewaambia nimepona?”