Mwaka Kombe la Kwaya Lilikuja Kwa Majani

Juzi nilikuwa nakata sukuma jikoni, redio ikasema nchi yetu imepewa kuandaa mashindano ya kwaya ya Afrika Mashariki, na yatafanyika kwa ukumbi mkubwa huko Nairobi. Msichana wangu wa mwisho akainua macho kutoka kwa simu.

"Mum, kwani Kenya imewahi host hiyo kitu?"

"Tulihost hapa hapa, kwa majani ya chai."

"Mum, wacha."

Alidhani namchezea, akarudi kwa simu yake. Kwa hivyo nakuambia wewe.

Siku hizo yalikuwa mashindano ya makanisa ya nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Yalianzia Uganda, mama yangu akiwa bado msichana. Sheria ilikuwa rahisi. Anayeshinda anaenda na kombe, na mwaka unaofuata wengine wanamfuata kwake. Kombe lilizunguka Uganda na Tanzania miaka mingi, sisi tukienda kupiga makofi. Halafu kwaya ya shamba letu la chai, kina mama wachuna majani na wazee watano wa besi, ikapanda lori mpaka Uganda na kurudi nalo. Likawekwa kwa kabati ya kanisa. Mimi nilikuwa darasa la tano, na darasa lote nililiambia kombe halitoki tena, kwa sababu mama yangu ndiye alikuwa anaongoza sauti ya kwanza.

Ningependa uone vile tulikuwa tunaishi. Tulikaa kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mgongo kwa mgongo, chumba kimoja na jiko. Asubuhi king'ora cha kiwanda kinalia, kina mama wanavaa gamboti na aproni ya plastiki, kikapu mgongoni. Sisi watoto tulibaki kuchota maji na kusugua sufuria na majivu kabla ya shule. Saa nane mvua, karibu kila siku. Harufu ya majani yakikaushwa iliingia mpaka kwa blanketi. Jirani yetu, mama Mkipsigis aliyeimba sauti ya pili, alituletea mursik, yale maziwa yaliyolala kwa kibuyu na majivu yake, na mama akampa ndizi za kutoka kwetu Kisii. Wawili hawa walichuna safu moja kwa miaka.

Mwalimu wa kwaya alikuwa karani wa kupima majani. Wimbo wa lazima, ule ambao kila nchi ingeimba, ulitumwa kwa karatasi, maneno na solfa. Jioni kina mama walikuwa wamechoka sana, kwa hivyo mwalimu akasema watajifunza wakichuna. Mama hakujua kusoma, mimi nilimsomea maneno usiku na yeye akayapeleka shambani.

Sasa, kuchuna kuko na mwendo wake. Unachukua majani mawili na kile kichipukizi, mikono miwili inaenda pamoja, ikijaa unarusha juu ya bega mpaka kikapuni. Ukirusha huwezi kuimba, pumzi inakatika. Wiki ya kwanza kila mtu alirusha pahali pake. Kufika mwezi wa pili, wimbo ulikuwa umeshika mikono. Wote walirusha pamoja, katikati ya mstari wa tatu, na wote wakanyamaza pamoja. Mwalimu aliwasikia kutoka kwa mizani kila siku mpaka akazoea, hakukigundua tena kile kimya.

Mimi niliona. Nikamuuliza mama mbona ananyamaza pahali karatasi haijanyamaza. Akasema, "Hapo ndio tunapumua."

Wageni wa mashindano walifika Ijumaa. Kila nyumba ilipewa wawili, na sisi tulipata dada wawili kutoka Tanzania. Walisifu ugali wetu wa wimbi, wakasema chai yetu ina maziwa mengi kuliko chai. Wakati wa kuosha vyombo mama akaanza ule wimbo, nao wakaingia. Mstari wa tatu mama akanyamaza. Wao wakaendelea.

"Dada, umesahau?" mmoja akauliza.

"Sijasahau. Hapo ndio tunapumua."

"Hapo hakuna pumzi, dada yangu. Ingekuwa lazima kupumua hapo, sisi tungekuwa tumekufa."

Wakacheka wote, lakini mama aliweka sahani chini akatoka na mikono ikiwa na povu, akaenda kwa mwalimu. Mwalimu alifungua karatasi akaiangalia kwa muda, halafu akaketi.

Asubuhi, kabla ya kupanda jukwaa, aliwaita kina mama nyuma ya kanisa. "Nimeelewa sasa. Ni mikono inawanyamazisha. Kila mtu afunge mikono nyuma, kama mtu ameshikwa na polisi."

"Mwalimu, mimi nikifunga mikono sauti inabaki ndani," jirani yetu akasema.

"Basi itoe kwa miguu."

Walirudia mara tatu. Mara mbili ikakubali.

Uwanja wa shule ulijaa, wengine walikuja kutoka mbali kama Roret. Waganda waliimba, Watanzania wakaimba. Sisi tukaingia wa mwisho, mikono nyuma. Mstari wa kwanza ukaenda vizuri, wa pili pia. Kwa wa tatu nikaona bega la jirani yetu likiinuka, halafu la mwenzake, na kina mama karibu wote wakanyamaza. Mama alikuwa ameshafungua mdomo kwa neno linalofuata. Aliwageukia kidogo tu. Halafu akafunga mdomo, akawangoja, wakaendelea pamoja.

Jaji alisema sauti zetu ndizo zilikuwa nzuri zaidi, lakini tumeongeza kimya ambacho hakikuandikwa. Kombe likaenda Tanzania. Kutoka uwanjani nilimtangulia mama nyumbani. Nilikuwa nimeona akichagua.

Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, na watoto wangu. Akasema, "Kombe lingerudi mwaka mwingine. Hao kina mama nilikuwa nakutana nao Jumatatu saa kumi na mbili, kwa safu."

Kombe halikurudi. Lilienda Tanzania, likaenda Uganda, halafu mashindano yenyewe yakaisha na hakuna mtu alitangaza. Sasa majani yanakatwa na mashine, watu wawili wanaishika huku na huku, na mlio wake hauruhusu hata salamu. Laini zetu zilibomolewa nusu. Mwalimu alistaafu akaenda kwao. Kina mama wakatawanyika, wengine Sotik kuuza maziwa, wengine Kisii, wengine Mungu amewachukua.

Tulipomzika mama, walikuja wanne wa kwaya, mmoja wao jirani yetu, akiwa na fimbo. Padri aliwauliza kama wataimba, wakasema ndiyo. Walisimama vile walikuwa wanasimama kwa majani, mmoja baada ya mwingine, na katikati ya jirani yetu na mwenzake wakaacha nafasi ya mtu mmoja. Hawakuniita. Nikatoka kwa kiti, nikaenda nikasimama hapo.