Moshi Uliolala Bondeni Songea

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Maji Maji, mama aliniamuru niende Songea nikamrudishe mdogo wangu Zuhura. Mchuuzi wa nta alikuwa ameleta habari kwamba Zuhura anakohoa mpaka anashindwa kutwanga. Kwetu Nalasi, kwa sisi Wayao, kaka ndiye mwenye dhamana ya dada zake, na mume ndiye anayehamia kwa wakwe. Zuhura alikuwa amemfuata mumewe ugenini, na mama hakuwahi kulimeza jambo hilo. Akanifungia furushi la majani makavu ya kufukizia wagonjwa.

"Mfukize kwanza apate nguvu ya kutembea, kisha uje naye," alisema. "Usirudi peke yako."

Tuliondoka Nalasi wakati wa kipupwe, mimi na wachuuzi wa chumvi. Njia ilikuwa kavu, mito imepungua, miguu inakwenda vizuri. Nchi ilikuwa tambarare, na moshi wa jikoni ulipeperushwa na upepo kabla hujajua nani anapika nini. Karibu na Namtumbo tulikaribishwa ugali na maboga. Nilikula mpaka wachuuzi wakaniuliza kama nimetumwa kumleta dada au kumaliza ghala za watu.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, tulifika ubavuni mwa milima ya Matogoro. Chini yetu bonde lilikuwa limejaa weupe, vilele vya miti mirefu tu vimechomoza. Nilidhani ni ukungu, nikausifu kwa sauti. Tulipoanza kuteremka macho yakaniwasha. Kumbe ulikuwa na moshi ndani yake.

Shemeji yangu Saidi alikuwa akichoma matofali ya boma la Wajerumani kando ya kijito, kwa kuwa udongo mzuri uko huko chini. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwenye tanuri. Zuhura alikuwa ameketi mlangoni, mikono magotini, mabega yakipanda kwa kila pumzi. Aliponiona akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Niliona uchungu sana.

Kesho yake asubuhi nikafanya kama nilivyoagizwa. Nilifunga mlango baridi isiingie, nikaweka majani ya mama juu ya makaa, nikamfunika Zuhura shuka. Kwetu moshi wa kufukizia hupenya paa la nyasi ukaenda zake. Hapa haukuwa na pa kwenda, maana nje nako kulikuwa kumejaa. Zuhura akalegea mikononi mwangu, midomo imebadilika rangi.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa mama yake Saidi, Mngoni mkakamavu aliyeishi juu mlimani, amekuja kumjulia hali mkwewe.

"Unamkausha kama samaki?" akafoka. "Mbebe! Tupande!"

Tulimwita Saidi kutoka kwenye tanuri, tukampandisha, mimi naye tukipokezana kumbeba mgongoni. Katikati ya mlima tukatoka kwenye moshi ghafla, kama watu wanaoibuka majini. Juu palikuwa na jua na hewa safi. Zuhura akavuta pumzi moja ndefu, kisha ya pili. Nililia bila aibu.

Mama yule akanionyesha bondeni kwa kidole. Moshi wa kila nyumba ulipanda kidogo, ukafika mahali, ukatandaa kana kwamba umegonga dari.

"Kipupwe, baridi ya mlimani inateremka usiku na kujaa bondeni," alisema. "Moshi unabanwa chini mpaka jua likolee. Mvua zikija zinausafisha. Nimewaambia wahame tangu baridi ianze. Nani anasikia?"

Saidi akainama. "Nilidhani baridi ndiyo inayomuumiza, shemeji. Nikamweka karibu na tanuri apate joto."

Nilitaka kumcheka, nikakumbuka majani yangu.

"Kaka, usinirudishe," Zuhura akasema. "Nijengeeni hapa."

Siku saba tulijenga, mimi nikiwaza nitamwambia nini mama. Saidi akawa anateremka kazini na kupanda jioni kulala kwa mkewe. Siku ya nane Zuhura alishika mchi, akanitania kwamba nyumba niliyoijenga imeinama kama mlevi. Niliaga nikiwa na furaha, na hofu kidogo.

Njia ya kurudi nilitazama moshi wa kila kijiji, unakwenda wapi na unakaa wapi. Nilijifunza kwamba hewa nayo hufuata mlima, bonde na majira, na kwamba dawa ya nchi moja yaweza kuua katika nchi nyingine.

Nalasi, mama alikuwa uani. Akatazama nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

Nilimweleza yote, hata habari ya majani, sikuficha. Nikamrudishia yaliyobaki. Akayapokea.

"Anatwanga?" akauliza.

"Anatwanga huku anaimba, mama."

Akayamwaga majani nje ya ua, akavuta ungo, akaanza kuchagua mbegu za kunde zilizo nzima.

"Pumzika siku mbili," akasema. "Kisha utanipeleka kwake."