Safari ya Mbarara Kutetea Visima vya Mafuta

Niliondoka Juru, mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa sababu ya mafuta ambayo sijawahi kuyaona. Chuo kimoja cha Mbarara kiliandaa mchezo wa mazungumzo ya kidiplomasia kwa Kiswahili. Nchi ya kubuni, Sondera, imetaifisha visima vyake vya mafuta, na kampuni ya kigeni iliyovichimba inavidai. Darasa letu la watu wazima hapa Nakivale liliombwa wajumbe wawili wa kuisemea serikali ya Sondera. Nikachaguliwa mimi, muuza maharage kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, na Salvatori, katekista Mrundi asiyechoka kusema.

Alfajiri tulipanda pikipiki moja hadi Kaberebere. Salvatori alikuwa amevaa koti lake la harusi.

"Tukibanwa, tubaachie kisima kimoja?" nilimuuliza.

"Mama Asukulu! Hata tone!"

Kutoka Kaberebere tulipata gari, na migomba ikatusindikiza kilima kwa kilima mpaka mjini.

Saa nne tulikuwa chuoni. Mezani kulikuwa na kibao: SONDERA, WAZIRI WA MAFUTA, na jina langu chini yake. Tangu nivuke mpaka, kila karatasi huniandika mkimbizi. Siku hiyo nilikuwa na nchi, tena nchi yenye mafuta! Nilicheka hadi nikafuta machozi.

Kampuni iliwakilishwa na wanafunzi wawili wa hapo Mbarara, wakiongozwa na binti aitwaye Anita. Mpatanishi alikuwa Afande Mugisha, polisi mstaafu.

"Sisi ndiyo nachimba hii visima," Anita alianza. "Nyinyi nachukua bila kuuliza!"

Salvatori akasimama. "Mafuta ni ya udongo wetu. Hamtapata hata tone!"

Kufika adhuhuri Anita alikuwa anakusanya karatasi zake ili aondoke. Kanuni ilisema wazi kwamba bila mkataba, pande zote mbili zimeshindwa. Afande akagonga meza. "Nyinyi wote, kaa chini. Kwanza tunakunywa chai."

Wakati wa chai nilimfuata Anita. "Mutoto yangu, nini inakuumiza zaidi mu hii mambo?"

Alifikiri kidogo. "Mama, sisi nafanya kazi miaka mingi. Saa hii ni kama hatukuwa hapo kabisa."

Ulikuwa mchezo tu, lakini maneno yale yalinishika. Nyuma ya nyumba yetu kule Kivu nilipanda miti sita ya avoka, yaani parachichi. Leo anaivuna mtu mwingine, na sidhani kama amewahi kujiuliza aliyeipanda ni nani.

Saa nane tulirudi mezani, nami nikatoa pendekezo: visima vibaki vya Sondera, kampuni ilipwe kwa mafuta, kidogo kidogo, mafundi wake wabaki kuwafundisha wetu, na kila kisima kiandikwe jina la waliokichimba.

"Unatuuza!" Salvatori alininong'oneza.

"Visima binabaki byetu. Tunabalipa jasho yabo tu."

Alinisogezea kalamu. Kisha akasema, "Andika. Lakini 'mali ya taifa' ikae juu kabisa."

Anita alisoma mara mbili, akatabasamu, akatia sahihi. Ukumbi uliojaa wanafunzi ulilipuka kwa makofi. Afande alitupigia saluti, wanafunzi wakaimba kwa Kinyankore, lugha ya hapo, na Salvatori akawachezea ngoma ya kwao mpaka kifungo cha koti kikaruka.

Njiani kurudi nilikuwa mwepesi moyoni. Nilijifunza kwamba naweza kushika kilicho changu kwa mikono miwili na bado nikamsikia aliyekipoteza. Huko nyuma nilidhani lazima nichague moja.

Juru tulifika jua likizama. Majirani walikuwa wamejaa kwangu.

"Mulishinda?"

"Hakuna aliyeshindwa."

"Na mafuta?"

"Yetu!" Salvatori alipaza sauti, na vigelegele vikapigwa.

Bibi mmoja akapenya katikati ya watu, ameshika chupa tupu, akauliza tutayagawa lini. Tulicheka mpaka tukakaa chini, naye akacheka pamoja nasi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumweleza.