Kamili kwa Mama, Kamili kwa Baba

Jumamosi, Aprili 1964. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika kidogo adhuhuri, nami nikaitumia nafasi hiyo kwenda kwa mjomba wangu, Msambweni.

Kesho yake nilikuwa nibatizwe. Baba yangu, Mduruma wa Taru, hakuwa na neno. Lakini marehemu mama alikuwa Mdigo, na kwa Wadigo kaka wa mama ndiye mwenye kauli juu ya mtoto. Mjomba ni Muislamu asiyekosa sala. Nilikuwa nimejiapiza kwamba akikataa, sibatizwi. Mwalimu wa dini aliniambia huo ni uchanga wa imani. Labda. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, sijui kuyapima mambo hayo, ila nilijua siwezi kuingia nyumba moja kwa kuvunja mlango wa nyingine.

Nilimkuta barazani akisuka makuti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kaa. Umekuja kuniaga au kuniuliza?"

"Kukuuliza."

"Basi nianze mimi. Nabii Isa ni mtume mtukufu, kwetu kumtaja kwa ubaya ni dhambi. Lakini nyinyi mwasema ni Mungu. Naye alisikia njaa, alilala, alilia. Mungu alala? Au ni nusu Mungu nusu mtu, kama maziwa yaliyotiwa maji?"

Kwa haki, lilikuwa swali zuri. Hata kwenye darasa la ubatizo mwenzetu mmoja alijibu hivyo hivyo, nusu kwa nusu, mwalimu akamkatalia. Nilikohoa kwanza.

"Mjomba, kwenye matanga ya mama, mtu mmoja aliniita nusu Mdigo. Ulimwambia nini?"

Mikono yake ikasimama. "Nilimwambia, huyu si nusu. Ni wetu kamili."

"Na baba angesikia, angesema mimi ni Mduruma kamili. Wala sikukatwa vipande viwili. Nikicheka, anayecheka ni mimi mmoja. Ndivyo ninavyoamini juu ya Yesu: Mungu kamili, binadamu kamili, naye ni mmoja. Aliyesikia njaa ndiye aliyesamehe dhambi. Njaa ile haikuwa ya kujisingizia, na Uungu wake haukupungua kwa njaa."

Mjomba akacheka mpaka akafuta macho. "Umenifunga kwa kamba yangu! Lakini ngoja. Mdigo na Mduruma wote ni wana wa Adamu. Muumba na kiumbe si majirani hivyo."

Hapo alinishika, na sikutaka kumdanganya.

"Kweli, mjomba, mfano wangu unachechemea. Unaonyesha tu kwamba si lazima mtu awe nusu. Jinsi Muumba alivyouvaa ubinadamu, mfano wake sina. Hilo naliamini tu, na naliamini sana."

"Wanaume wawili mwapima bahari kwa kata!" mkewe akapaza sauti kutoka jikoni. "Mwache mtoto wa watu anywe chai!"

Mjomba alisuka kuti lile mpaka mwisho. Kisha akaliweka kando.

"Mimi siliamini hilo, wala kanisani sitakuja. Lakini ungeniambia ni nusu, ningekukataza, maana ningejua wafuata usilolijua. Nenda. Ila jina watakalokupa libaki huko huko. Hapa nitakuita alilokuita mama yako."

"Ndiyo, mjomba."

"Na Jumatatu ni palizi. Usije ukaniletea udhuru wa kimitume!"

Sijui kama niliyasema yote sawasawa. Huenda mwalimu angenisahihisha mahali. Lakini nilisimama nikiwa mwepesi, na ubatizo niliuona wangu tayari.

Mvua ikarudi, nikazuiliwa nisiondoke. Tulikula sinia moja, mjomba kwa bismillahi yake, mimi kwa dua ya kimoyomoyo: wali wa nazi, mchuzi wa kunde, na pilipili iliyotutoa jasho sote.